Setilaiti na Njia za Malori Yetu

Katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu yafaa tuitazame historia ya chombo kidogo kikaacho leo mbele ya dereva wa lori, kikimwonyesha mahali alipo na njia ya kufuata. Wengi twakitumia, lakini asiyejua asili ya chombo hajui mpaka wa kazi yake.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha angani Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, wakasikiliza mawimbi yake ya redio, na kwa kuyapima wakaijua njia yake angani. Ndipo ikaonekana kwamba hesabu hiyo yageuzika: mtu akijua setilaiti ilipo, aweza kujua yeye mwenyewe alipo.

Mpango wa GPS ulianzishwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani mwaka 1973, na setilaiti yake ya kwanza ikarushwa Februari 1978. Setilaiti hizo huzunguka yapata kilometa 20,200 juu ya ardhi, zikichukua saa za atomu. Chombo cha dereva hupima muda wa safari ya ishara kutoka setilaiti 4 au zaidi. Muda huo ukikosewa kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali hukosewa kwa meta 300.

Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea ya Kusini, iliyokuwa imepotea njia, ilitunguliwa na Warusi, wakafa watu 269. Rais Reagan akatangaza kwamba GPS itakuwa wazi kwa raia wa mataifa yote. Hata hivyo ishara ya raia iliharibiwa usahihi kwa makusudi, ikaweza kukosea kwa meta 100, hadi Mei 2000 kizuizi hicho kilipoondolewa. Baada ya hapo vyombo hivi vikaenea upesi barabarani.

Lakini kujua mahali si kujua njia. Setilaiti hazimchagulii dereva barabara. Njia hutoka katika ramani iliyotengenezwa na watu. Huko Uingereza malori makubwa yaliyofuata ramani za motokaa ndogo yalikwama katika njia nyembamba za vijijini na kugonga madaraja ya chini, hata serikali ikaitisha mkutano juu ya jambo hilo mwaka 2012. Kosa halikutoka angani. Ramani zile hazikuhesabu kimo cha lori wala uzito wake.

Hapa Afrika Mashariki, mwaka 2017, mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kufuatilia kwa pamoja shehena zivukazo mipaka kwa kufuli za kielektroniki, ili mizigo isipotee njiani.

Nasi, je? Mazao yetu huanza safari katika njia za udongo. Ramani iliyotengenezwa mbali haijui daraja la miti lililooza wala bonde lijaalo maji wakati wa masika. Lori la tani 10 likizama hapo, hasara si ya dereva pekee. Ni jasho la msimu mzima la mkulima. Wanaozijua njia hizo ni wanachama wenyewe. Basi kila tawi na lilete ofisini, kabla ya mvua, habari za njia na madaraja yake, ili madereva wazipate kabla ya kuondoka. Kuuliza si ujinga.