SEHEMU YA 6: Mwaka 2019, mabinti walipofika Vipingo na fimbo zao

Mama mwenzangu, hii inakuhusu. Na wewe baba uliyeshika simu ya mama, karibu, hii inakuhusu pia.

Hapa Katandala gofu wengi wetu tunaiona kwenye TV tu, tunasema ni mambo ya matajiri. Ila mwaka 2019 una somo kwetu wenye watoto wa kike.

Kenya Open ya wanaume ilianza 1967. Machi 2019 ikaingia kwa mara ya kwanza kwenye ngazi ya juu ya gofu ya kulipwa ya Ulaya, akashinda Guido Migliozzi wa Italia. Shangwe kweli. Sasa piga hesabu: miaka 52. Wanawake je? Mpaka Desemba ya mwaka huohuo ndipo mashindano ya wanawake ya Ulaya yakafika Kenya kwa mara ya kwanza, pale Vipingo, Kilifi.

Siku nne, mashimo 18 kila siku. Kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Siku ya mwisho Esther Henseleit, binti wa Kijerumani wa miaka 20, alianza akiwa nyuma. Akamaliza kwa mapigo 64, wakati kiwango cha uwanja ni 72! Akampita Aditi Ashok wa India kwa pigo moja tu, na siku hiyohiyo akawa kinara wa msimu mzima Ulaya. Ndiyo kwanza mwaka wake wa kwanza.

Na Aditi? Pigo moja linauma, jamani. Lakini hakuacha. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, 2021, alikosa medali ya shaba kwa pigo moja tena. Unajua nani alikuwa anambebea begi la fimbo? Mama yake mzazi. Mwaka 2023 akarudi Vipingo, akashinda kwa tofauti ya mapigo tisa. Esther naye akapata fedha Olimpiki ya Paris 2024.

Sasa nakuja kama nesi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 atumie mwili wake walau dakika 60 kwa siku: kukimbia, kuruka, kucheza. Kaka mtu tunamwachia uwanja mpaka jioni. Binti akivunja ungo tunamwambia, "Umekua, acha kuruka ruka." Hedhi siyo ugonjwa. Mwenye afya anaweza kucheza hata siku zake. Akiumwa sana, mlete kituoni tumwone.

Gofu siyo lazima. Rede, kamba, mpira wa pete, vyote sawa. Tanzania tuna Madina Iddi anayecheza gofu, naye alikuwa mtoto wa mtu.

Jioni ya leo vyombo vioshwe na kaka yake. Binti apewe saa yake moja. Wewe je, begi la mwanao utalibeba?

Sehemu ya 7 inakuja. Mtumie na wifi yako asome.