Bega Likiteguka

Mkwezi wa Mtunda, kule Kibiti, akidondoka mnazini na kujikinga kwa kiganja, huenda bega ndilo likalipa. Mviringo wake hupotea, juu panabaki bapa, na mkono hukaa mbali kidogo na ubavu, haukubali kurudi. Wanaomkimbilia hawahitaji kamusi: bega limeteguka.

Ukilifumua neno hili unakuta mtego ndani yake. Tega, tegua, kama ziba na zibua, kunja na kunjua. Mwindaji hutegua mtego, askari hutegua bomu, na aliyetegwa kitendawili hukitegua akiweza. Kote humo kulikuwa na kitu kimekazwa, kikaachiwa. Na bega ndivyo lilivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa kuliko kikombe kinachokipokea, na kikombe chenyewe hakina kina; kinachokizuia kisichomoke ni kano na misuli inayovutana muda wote. Mpasuaji angeeleza hivyohivyo, ila kwa maneno mengi zaidi.

Lugha nyingine zilitazama kwingine. Kiingereza kiliazima Kilatini, kikataja mahali: mfupa umeondolewa mahali pake. Waarabu husema khal', kutoka mzizi wa kuvua na kung'oa. Mzizi huohuo ndio uliotuletea khului, talaka anayoidai mke kwa kurudisha mahari, kwa hiyo pwani tunao, lakini kwa shehe, si kwa daktari. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili, walipomfikia Yakobo akishindana usiku kucha katika Mwanzo 32, hawakuazima popote: uvungu wa paja lake ukateguka.

Kasoro ya neno letu ni ukarimu. Aliyekanyaga vibaya akivuka mtaro, kifundo kikavimba, naye ameteguka, ingawa mifupa yake haijahama hata kidogo. Kano tu zimevutika. Wapo wanaosema mguu umeshtuka, na ingekuwa tofauti nzuri, ila mshtuko tayari una kazi nyingine wodini, nayo ni nzito. Kutenguka nako husikika, lakini siku hizi ukitaja kutenguliwa watu hufikiria uteuzi wa Dodoma kabla ya nyonga.

Kwa mkandaji suala hili si la kamusi tu. Mfupa ulio nje ukikandwa na kuvutwa ovyo, mishipa ya fahamu na ya damu inayopita kwapani inaweza kuumia, na huenda pana ufa ambao picha ya eksirei pekee ndiyo ingeuonyesha. Mimi ningewaachia wenye kano zilizovutika kuteguka kwao, maana hawataliacha, na kwa mfupa uliotoka nitumie neno ambalo watu wanalo tayari: kuchomoka. Halina uzuri wa mtego. Lakini muuguzi akiuliza, "Umeteguka au umechomoka?" mgonjwa hujua anaulizwa nini, na jibu lake linaamua kama anaanzia kwenye bandeji au kwenye eksirei.