Mstari Ulio Chini ya Picha

Mteja akiniletea mezotinti ya karne ya 18 niitie fremu, yeye husifu weusi wake laini. Mimi huanza kusoma pambizo la chini.

Ufundi huu wa kuchapa picha ulianzishwa na Mjerumani Ludwig von Siegen mwaka 1642, lakini ni London uliponawiri. Fundi alilikwaruza bamba zima la shaba kwa chuma chenye meno. Likipakwa wino hapo, karatasi hutoka nyeusi tii. Kisha alikwangua na kulainisha alipotaka mwanga: paji la uso, lesi ya shingoni, mikunjo ya hariri. Michoro ya mchoraji Joshua Reynolds ilifika kwa watu wengi kupitia mikono ya mafundi kama James McArdell wa Dublin.

Ila mikwaruzo hiyo hulala upesi. Kila nakala huikandamiza, na nakala zikizidi weusi hugeuka kijivu. Ndiyo maana wakusanyaji hugombea nakala za mwanzo, na ushahidi wake uko pambizoni. Sheria ya Uingereza ya 1735, aliyoipigania mchoraji William Hogarth, ilimlinda mwenye picha kwa miaka 14, mradi jina lake na tarehe ya kuitoa vichongwe kwenye bamba. Bamba likiuzwa, mara nyingi jina la zamani lilifutwa, la mnunuzi likachongwa. Anayeyajua majina hayo hutambua kama nakala ilitoka bamba likiwa jipya au limechakaa.

Walioharibu ushahidi huo ni wakusanyaji wenyewe. Mwaka 1769 kasisi James Granger alitoa kitabu cha wasifu wa Waingereza kilichopangwa kufuata picha zao zilizochapwa. Wasomaji wakashikwa na homa ya kubandika picha vitabuni, na mapambizo yasiyoenea yakakatwa.

Hasara yake naiona katika “Slave Trade”, aliyoichapa John Raphael Smith kutoka kwa mchoro wa George Morland: Waafrika wanatenganishwa ufukweni, mashua ikingoja. Ikikatwa chini, inabaki picha ya huzuni tu. Ikiwa na mstari wake, unasoma Februari 1791, na unajua ilitundikwa madukani miezi michache tu kabla Bunge la Uingereza halijaikataa hoja ya mbunge William Wilberforce ya kukomesha biashara hiyo, mwezi Aprili. Mnunuzi wa siku zile alikuwa anachagua upande.

Kwa hiyo mteja akiniambia nifunike pambizo kwa kadibodi kwa sababu limechafuka, namwomba kwanza asome kilichoandikwa pale.