Ada ya Barabara na Saa za Dereva

Mwaka 1984, Migori na Homa Bay zikiwa bado wilaya moja ya Nyanza Kusini, Kenya ilitunga sheria ya ada za barabara za umma, na vibanda vya kutoza magari vikajengwa kwenye barabara kuu za nchi. Havikudumu. Sheria ya 1993 iliihamishia ada hiyo kwenye mafuta, na tangu hapo dereva anayetoka Kendu Bay kwenda Rongo huilipia barabara akijaza tangi, bila kusimamishwa na mtozaji njiani. Kwa kawaida vibanda vile hukumbukwa kwa fedha zilizovuja. Hiyo ni nusu ya hesabu. Kibanda humgharimu dereva mara mbili, shilingi anazotoa na muda anaopoteza akingoja kuzitoa, na gharama hii ya pili haiingii kwenye vitabu vya hazina. Ukiitia hesabuni, ushindi wa tozo ya mafuta unaeleweka vizuri zaidi: haina foleni yake.

Lakini je, ni haki? Mvuvi wa Mbita au Muhuru Bay anayenunua petroli ya mashine ya boti hulipa tozo ileile, ambayo tangu 2024 ni shilingi 25 kwa lita, ingawa njia yake ni maji matupu. Lori lililojaza tangi Tarime, Tanzania, kwa upande mwingine, linaingia Kenya na kuzikanyaga barabara zetu bila kuchangia senti kwa mafuta hayo. Hoja hii ina uzito, na ndiyo inayowapa nguvu wanaotaka vibanda virudi, maana kibanda humtoza anayeitumia barabara. Ila haki hiyo nayo ina bei, na bei yake ni kungoja. Kungoja kwenyewe kunapimika.

Kaunti za Migori na Homa Bay hazina kibanda cha ada ya barabara, lakini Migori ina kituo kinachofanana nacho kwa kazi: mpaka wa Isebania na Sirare. Zamani lori lilisimama mara mbili, kwanza kwa maofisa wa nchi linayotoka, kisha kwa wa nchi linayoingia. Chini ya mfumo wa kituo cha pamoja, uliowekewa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, linasimama mara moja tu, upande linakoingia. Namna ya kupima faida yake ni nyepesi kuieleza: karani mmoja mwishoni mwa foleni anaandika namba ya lori na saa lilipofika, mwenzake langoni anaandika saa lilipotoka.

Ugumu unaanza baada ya hapo. Dereva aliyemaliza karatasi zake huweza kubaki ale, alale, au angoje simu ya tajiri. Mwingine amekwama kwa sababu wakala wake wa forodha hajaleta hati. Maofisa husema, na wana haki, kwamba saa hizo si zao. Husema pia kwamba kukagua shehena si sawa na kupokea noti dirishani. Hata hivyo, jibu si kuacha kupima. Ni kuyatenga mambo: muda wa kungoja peke yake, wa kuhudumiwa peke yake, na wa dereva mwenyewe peke yake. Wastani nao una hila, kwa kuwa malori machache yaliyolala siku tatu huufanya mpaka mzima uonekane umelala.

Leslie Edie, wa mamlaka ya bandari ya New York, aliupima muda wa kungoja mwaka 1954 kwenye vibanda vya madaraja na mahandaki ya jiji hilo. Alichunguza jinsi ucheleweshaji unavyopanda magari yanapoongezeka, kisha akapanga idadi ya vibanda vya kufunguliwa kwa kila saa ya siku, hata mapumziko ya watozaji yakiwemo. Hakuanza kwa kudai vibanda zaidi. Alitaka kwanza vilivyopo vifunguliwe kwa wakati unaofaa.

Sasa serikali ya Kenya inarudi kwenye mawazo ya 1984 kwa sera mpya ya ada za barabara, na mjadala mwingi umekuwa juu ya shilingi ngapi kwa kilomita. Swali la dakika ngapi kwa kila gari, tena saa ya msongamano mkubwa kabisa, linastahili kuwekwa kwenye mikataba ya ada hizo.