FYEKEO LA UZI: HISTORIA YA ALA NA MAJINA YAKE

1. Utangulizi

Miongoni mwa ala zilizoenea katika bustani, viwanja vya michezo, kando za barabara na maeneo ya ofisi za umma ni ile mashine ivaliwayo begani kwa mkanda, yenye mpini mrefu, injini upande mmoja, na upande wa pili kichwa kizungukacho kwa kasi na kukata majani kwa uzi wa nailoni. Mashine hii imetufikia pamoja na vijitabu vyake vya maelezo, lakini majina ya sehemu zake bado hayajatulia. Afisa ugavi huiandika "mashine ya kukatia nyasi", jina ambalo hutumiwa pia kwa mashine ya kusukuma yenye magurudumu. Fundi huiita kwa jina alilolisikia dukani. Mfasiri naye hubuni lake.

Laiti tatizo lingekuwa la hati za manunuzi peke yake, lingeweza kungoja. Lakini miongoni mwa tafsiri zilizofika mezani petu, tumeona moja iliyouita uzi huo "waya". Kijitabu cha asili kilikuwa kinamwonya mtumiaji asifunge waya kamwe. Tafsiri ikamwambia afunge waya. Neno moja liligeuza onyo kuwa amri.

Katika makala haya tunakusudia kueleza asili ya ala hii, kuchambua aina za kichwa chake na namna ya kukijaza uzi, kisha kupendekeza istilahi. Tumeanza na historia kwa makusudi, maana asili ya kitu humwonyesha mwanaistilahi pa kutafutia jina. Hata hivyo, kama tutakavyoona, pale panapoonyeshwa na historia si lazima ndipo jina litakapopatikana.

2. Asili ya ala

Historia ya kukata majani kwa mashine ni historia ya kuazima. Mwaka 1830 Mwingereza Edwin Budding, wa eneo la Stroud, alipata hataza ya mashine ya kwanza ya kukatia nyasi. Wazo lake alilitoa katika viwanda vya nguo, ambamo silinda yenye visu ilitumiwa kusawazisha manyoya juu ya kitambaa cha sufu. Budding aliona kwamba kilichoweza kunyoa kitambaa kingeweza pia kunyoa uwanja.

Mashine hiyo na zilizoifuata zilifaa mahali pa wazi na tambarare. Hazikufika kwenye shina la mti, ukingo wa ukuta wala mguu wa uzio. Huko mfanyakazi aliendelea kuinama na mundu au mkasi kwa zaidi ya karne moja.

Ufumbuzi ulihitaji kitu ambacho Budding hakuwa nacho, yaani uzi mwembamba, mgumu na mnyumbufu. Mwaka 1935 mkemia Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont nchini Marekani walitengeneza nailoni. Baadaye nailoni iliingia katika soksi za wanawake, katika brashi na katika mishipi ya wavuvi.

Mwaka 1971 George Ballas, mkazi wa Houston katika jimbo la Texas, aliyekuwa ameendesha shule ya dansi, alipeleka gari lake kwenye mtambo wa kuoshea magari. Aliona kwamba nywele za brashi hunyooka zinapozungushwa kwa kasi, zikapenya kila pembe ya gari bila kukwaruza rangi, na kwamba mzunguko ukikoma hulegea. Aliporudi nyumbani alitwaa kopo la bisi, akalitoboa matundu, akapitisha vipande vya mshipi wa kuvulia samaki, kisha akalifunga kwenye mashine ya kukatia kingo za bustani. Majani yalikatika. Watengenezaji aliowaendea waliukataa ubunifu wake, hivyo akaanzisha biashara yake mwenyewe kwa jina la Weed Eater, yaani "mla magugu". Mwaka 1977 aliiuza kwa kampuni ya Emerson Electric. Alifariki mwaka 2011.

Kwa hiyo kichwa cha leo, pamoja na springi na bobini zake, ni mtoto wa kopo la bisi na mshipi wa mvuvi.

3. Jina la mashine

Lugha nyingine zimepita njia mbalimbali. Nchini Marekani jina la biashara la Ballas liligeuka kuwa jina la kawaida katika vinywa vya watu, hata kwa mashine za makampuni mengine. Wafaransa wametaja kazi: wana neno lenye maana ya kikata-kingo kwa mashine ndogo, na lingine lenye maana ya kiondoa-vichaka kwa ile kubwa. Wajerumani wamelishika jina la ala ya kale, wakaiita mundu mkubwa wa mota.

Sisi twaona njia ya Wajerumani ndiyo iliyo karibu zaidi na Kiswahili. Yeyote aliyepitia shule ya msingi nchini Tanzania analijua fyekeo, kwa sababu alilibeba. Muundo wa neno ni safi: kitenzi "fyeka", kauli ya kutendea "fyekea", na kiishio "-o", kama vile "pepea" inavyotupa "pepeo". Tena maana yake inaafiki ufundi wenyewe. Uzi haukerezi jani kama msumeno wala haulibani kama mkasi. Hulipiga kwa kasi likakatika. Huko ndiko kufyeka.

Tunapendekeza "fyekeo la mashine" liwe jina la jumla, "fyekeo la uzi" litumike pale kichwa chake kinapokata kwa uzi, na "fyekeo la kisu" pale kinapofungwa kisu cha chuma. Neno "mota" tumeliepuka, kwa kuwa kwa mafundi wengi mota ni ya umeme, ilhali mashine nyingi za aina hii hutumia injini ya petroli.

4. Uzi, mshipi, kamba au waya?

Hapa ndipo historia inapotaka kutupoteza. Maadam Ballas alitumia mshipi wa mvuvi, na maadam watu wa pwani wanalo neno "mshipi" kwa maana hiyohiyo, ingeonekana kwamba jina limekwisha kupatikana. Lakini kwa wasemaji wengi wa bara mshipi ni ukanda wa kiunoni, na mashine hii huvaliwa kwa ukanda. Kijitabu kimoja kitakachosema "kaza mshipi" na "badilisha mshipi" kitamwacha msomaji njia panda.

"Kamba" nayo inahitajika mahali pengine katika mashine hiyohiyo, kwa kuwa injini huwashwa kwa kuvuta kamba. "Nailoni" peke yake haifai, maana katika matumizi ya kila siku imekuwa jina la mfuko wa plastiki.

Lililobaki ni "waya", na hili hatuna budi kulikataa kabisa. Tuchukue mfano wa kichwa kinachozunguka mara 8,000 kwa dakika, na ncha ya uzi ikiwa sentimita 20 kutoka katikati. Ncha hiyo hukimbia mita zipatazo 167 kila sekunde, yaani takriban kilomita 600 kwa saa. Kipande cha nailoni kikikatika kwa kasi hiyo huumiza. Kipande cha chuma huruka kama risasi. Januari 2012 Tume ya Ulaya iliamua kwamba nchi wanachama zipige marufuku uuzaji wa vichwa vya vipande vya chuma vilivyounganishwa, kama vile minyororo, kwa mashine hizi za mkono, kwa sababu ya hatari ya vipande hivyo kukatika na kurushwa.

Tunapendekeza "uzi wa kufyekea". Neno ni jepesi, wingi wake "nyuzi" unajulikana, na halimwelekezi mtu kwenye chuma.

5. Kichwa: aina na uchaguzi wake

"Kichwa" halina upinzani. Ugumu upo katika kutaja aina zake, nazo ni nne kwa jumla.

Ya kwanza ni kichwa cha vipande. Hakina bobini, mtumiaji huchomeka vipande vifupi vilivyokwisha kukatwa. Ni rahisi kukielewa na hakina mengi ya kuharibika, lakini kipande kikiisha sharti mashine izimwe ili kiwekwe kingine. Chafaa penye mawe na kuta, na kwa mfanyakazi mgeni.

Ya pili ni kichwa cha mkono, ambacho uzi wake umo katika bobini, na mtumiaji huzima mashine akauvuta.

Ya tatu ndiyo iliyoenea kuliko zote. Chini ya kichwa pana kitufe. Mtumiaji akikigusisha ardhini kichwa kikiwa kinazunguka, bobini huachia uzi kidogo, na kisu kidogo kilichofungwa kwenye kinga huupunguza ufikie urefu unaotakiwa. Wafasiri wengine wameandika "kichwa cha kugonga". Tunahofia neno hilo, kwa kuwa kugonga hakuna kipimo, na anayekibamiza kichwa hupasua kitufe. Kiswahili kina "gota", yaani kupiga kidogo kama kwa kifundo cha kidole. Kwa hiyo tunapendekeza "kichwa cha kugota".

Ya nne ni kichwa cha kujilisha, ambacho hutoa uzi chenyewe unapopungua, bila kugotwa.

Katika kuchagua, jambo la kwanza si aina bali nguvu ya mashine. Mashine ndogo za umeme aghalabu hutumia uzi wa unene wa milimita 1.6 hadi 2.0, za ukubwa wa kati milimita 2.4 au 2.7, na kubwa za vichakani milimita 3.0 au zaidi. Uzi mnene kupita kiasi huilemea injini na kuichosha klachi. Umbo nalo lina athari zake: uzi wa mviringo hudumu, wa mraba au wa nyota hukata vikali kwa pembe zake, na wa msokoto hupunguza kelele. Pia wafanyakazi wa bustani wakumbushwe kwamba uzi unaopiga shina la mti mchanga kila wiki hubambua gome, na gome likibambuliwa pande zote mti hufa.

6. Kujaza bobini

Kitendo cha kurudishia uzi kimeandikwa kwa vitenzi vingi: kupakia, kufunga, kusokota. "Kupakia" ni kwa shehena. "Kusokota" ni kosa lenye hasara, kwa kuwa uzi uliosokotana ndani ya kichwa hautoki. Mafundi cherehani wametutangulia hapa, kwani wao hujaza bobini kila siku. Tunapendekeza tuazime kwao jina na kitenzi pamoja: "bobini" na "kujaza bobini". Tendo la ndani yake ni "kuviringa".

Ili istilahi zionekane kazini, tunatoa maelezo mafupi ya kichwa cha kugota chenye nyuzi mbili:

(a) Zima injini na uiache ipoe. Ikiwa mashine ni ya umeme, chomoa waya wa umeme au ondoa betri.
(b) Fungua kifuniko, utoe bobini na kusafisha udongo na majani. Ikiwa kichwa chote kitafunguliwa, angalia kwanza hesi zake. Nyingi ni za kushoto, nazo hufunguka kwa kuzungushwa upande ambao kwa kawaida hukaza.
(c) Kata uzi wa urefu na unene uliotajwa katika kijitabu, ukunje katikati, na kupachika kunjo katika mwanya wa bobini.
(d) Viringa nyuzi zote mbili kwa kufuata mshale, kila moja katika chumba chake, mizunguko ikilala sambamba bila kupandana. Usijaze hadi ukingoni.
(e) Bakiza sentimita 15 hivi kila upande, na kushikiza ncha katika pengo za bobini.
(f) Pitisha ncha katika matundu ya kichwa, rudisha springi na bobini, funga kifuniko, kisha vuta nyuzi kwa ghafla zichomoke katika pengo.

Nyuzi zikipandana hukwama, na joto la msuguano laweza kuziyeyusha zikashikana. Nailoni iliyokauka mno nayo hukatika ovyo. Kwa kuwa huweza kunyonya maji, wapo wanaoulowesha uzi kabla ya kuutumia.

7. Istilahi zinazopendekezwa

Fyekeo la mashine: mashine ya mkono ya kufyekea majani, ya injini au ya umeme.
Fyekeo la uzi: fyekeo la mashine linalokata kwa uzi.
Uzi wa kufyekea: uzi wa nailoni unaofungwa katika kichwa.
Kichwa cha vipande. Kichwa cha mkono. Kichwa cha kugota. Kichwa cha kujilisha: kama zilivyoelezwa hapo juu.
Bobini: kigurudumu kinachoviringiwa uzi ndani ya kichwa.
Kitufe cha kugota: sehemu ya chini ya kichwa inayogusishwa ardhini.
Kinga: bamba linalozuia vitu visimrukie mtumiaji.
Kisu cha kinga: kisu kidogo kinachopunguza urefu wa uzi.
Mkanda: ukanda wa kuvalia mashine begani.

8. Hitimisho

Budding aliazima kwa wafuma nguo, na Ballas akaazima kwa waosha magari na wavuvi. Nasi tumeazima kwa wanafunzi wa shule ya msingi na mafundi cherehani, na la mvuvi tukaliacha ingawa ndilo lenye haki ya kuzaliwa. Kipimo chetu kilikuwa kimoja: mtu aliyeshika mashine ambayo uzi wake hukimbia kilomita 600 kwa saa, akilisoma neno hili peke yake, atafanya nini?

Tunawaomba wafasiri, walimu wa ufundi na maafisa ugavi wazijaribu istilahi hizi kazini kabla hazijasanifiwa. Walio karibu na karakana na bustani watufahamishe pale neno letu litakapomkwaza mfanyakazi, na pale ambapo yeye mwenyewe analo lililo bora.