Kueleza na Kuelewa: Mtoro bin Mwinyi Bakari na Misingi ya Utafiti wa Jamii

Mwaka 1903 kilichapishwa mjini Göttingen, Ujerumani, kitabu cha Kiswahili kilichoitwa Desturi za Wasuaheli. Jina lililowekwa juu yake lilikuwa la Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani Dar es Salaam. Maneno yaliyomo ndani hayakuwa yake. Sehemu kubwa ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, bara ya Bagamoyo, aliyefika Berlin mwaka 1900 kufundisha katika Seminari hiyo hiyo. Velten alimtaja katika dibaji. Dibaji, hata hivyo, husomwa na wachache. Jalada husomwa na wote.

Kisa hiki kimezoeleka kuwekwa katika historia ya nathari ya Kiswahili, na mahali pake hapo ni halali. Ni nadra kukiona kikiwekwa katika historia ya falsafa ya utafiti. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili, awe Dar es Salaam, Nairobi au Leeds, hulazimika kufika sura ya tatu ya tasnifu yake na kutamka msimamo: jamii ni kitu cha namna gani, hujulikana kwa njia ipi, na ni nani mwenye haki ya kusema kwamba ameijua. Majibu huyapata vitabuni yakiwa na majina yake, Comte, Durkheim, Dilthey, Weber, na huyakariri kama nasaba ya bwana harusi. Katika nasaba hiyo Mtoro hayumo, ingawa aliishi katika mji uleule na miaka ileile ambapo maswali hayo yalikuwa yanagombaniwa.

Ugomvi wenyewe unaweza kuelezwa kwa kifupi. Auguste Comte, aliyeipa elimu mpya jina la sosholojia katika miaka ya 1830, aliamini kwamba jamii ina kanuni zake kama maumbile yalivyo na kanuni zake, na kwamba kazi ya mtaalamu ni kuzigundua. Mwaka 1895 Émile Durkheim aliitia makali imani hiyo: mambo ya kijamii yatazamwe kama vitu, yaani yawe nje ya matakwa na hisia za anayeyatazama. Wajerumani wengi hawakuridhika. Mwanahistoria Droysen alikuwa amekwisha kutenganisha kazi mbili, kueleza na kuelewa, na Wilhelm Dilthey, aliyeshika kiti cha falsafa Berlin tangu 1882, akaujenga utengano huo kuwa msingi wa elimu zote za binadamu. Mvua huelezwa kwa kutafuta sababu yake. Matanga hayaelezwi hivyo. Mtu huyaelewa kwa kuingia katika maana waliyonayo wafiwa.

Seminari aliyofundisha Mtoro ilianzishwa mwaka 1887 ikiwa imefungamanishwa na chuo kikuu hicho hicho cha Dilthey. Hakuna haja ya kuwakutanisha wawili hao ukumbini kwa nguvu ya hadithi. Inatosha kwamba chini ya taasisi moja, profesa mmoja alikuwa akiandika juu ya namna mtu anavyoweza kuelewa maisha ya mwenzake, na mwalimu msaidizi kutoka Bagamoyo alikuwa akifanya kazi ile yenyewe kila siku, kwa mshahara wa mwalimu msaidizi.

Hapa lugha aliyoifundisha ina la kusema. Katika Kijerumani maneno mawili ya Dilthey hayana udugu wa mzizi. Katika Kiswahili yanao. Jambo likiwa wazi kwa mtu, limemwelea. Anayelifanya liwe wazi kwa mwingine anaeleza. Yule ambaye limekuwa wazi kwake ameelewa. Kueleza na kuelewa ni matawi ya kitenzi kimoja, na tofauti yake haiko katika aina ya jambo, kwamba hili ni la maumbile na lile ni la roho, bali iko katika nafasi ya watu wawili waliokaa pamoja. Hakuna kueleza pasipo wa kuelezwa. Na anayeelewa, kwa umbo la kitenzi chenyewe, ametendewa: ufahamu umemjia kwa sababu kuna aliyemfanyia kazi ya kuuleta.

Ukiusoma ugomvi wa Wajerumani kwa macho hayo, picha inageuka. Katika vitabu vya mbinu za utafiti, kueleza na kuelewa zote ni kazi za mtafiti. Yeye huchagua moja au huchanganya. Katika meza ya Velten na Mtoro, aliyeeleza alikuwa Mtoro, na aliyeelewa alikuwa Velten. Kazi ngumu ya kuchagua lipi ni desturi na lipi ni kituko cha mtu mmoja, lipi litangulie, lipi lihitaji sababu na lipi liachwe kwa kuwa ni la faragha, ilikwisha kufanyika kabla Mjerumani hajaingiza wino. Msamiati wa baadaye ulimwita mtu wa namna hiyo mtoa taarifa, kana kwamba taarifa zilikuwa zimelala ndani yake kama maji mtungini na mtafiti alikuja na kata tu.

Namna kitabu kilivyoandikwa imesaidia kuificha kazi hiyo. Maswali yaliyozaa masimulizi hayakuchapwa. Msomaji anapewa majibu peke yake, tangu mimba na uzazi hadi jando, unyago, ndoa, kilimo, madeni, utumwa na mazishi. Tena, mara kwa mara vitenzi vinavaa kiambishi hu-. Kila mwalimu wa sarufi anajua kwamba hu- haichukui nafsi na haina wakati wake. Katika mazungumzo ya kawaida hilo halina madhara: mtu akisema "bibi hunywa kahawa asubuhi", anayemsikia anamjua bibi. Katika kitabu kinachosafiri hadi maktaba ya Ulaya, hu- hufanya jambo kubwa zaidi. Inamwondoa aliyetenda, inauondoa mwaka aliotenda, na inabakiza tendo likielea juu ya watu wote wa pwani na zama zote. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti wake miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili cha Shaba, huko Kongo, aliandika mwaka 1983 kitabu kizima kushutumu tabia ya elimu yake ya kuwaweka wanaochunguzwa nje ya wakati wa anayechunguza. Wazungumzaji wa Kiswahili wangeweza kumwonyesha kwamba katika lugha yao silabi moja inatosha kuwatoa.

Mtoro asifanywe hapa kuwa shahidi asiye na upande. Sura za utumwa ndizo zinazolionyesha hilo vizuri zaidi. Kitabu kilitoka wakati utumwa bado ulikuwa halali katika koloni la Kijerumani, na Bagamoyo palikuwa pameishi kwa misafara na kwa mikono ya watumwa. Yanayosimuliwa ni mpangilio wa daraja: mtumwa mgeni na mzalia, kazi za kila mmoja, adabu anazopaswa kumtolea bwana wake, namna ya kuachwa huru. Ni maelezo ya thamani kubwa, na ni maelezo ya mtu huru aliyesoma chuoni, akitazama kutoka barazani. Mwanamke aliyenunuliwa Unyamwezi na kulimishwa shamba la mwingine angeweza kuyaita mambo yale yale kwa jina jingine kabisa, na asingetumia hu-. Angesema "walinifanyia". Basi hata kabla mgeni hajafika na daftari lake, ndani ya jamii yenyewe limekwisha kuamuliwa nani ataeleza na nani ataelezewa. Hoja inayopendwa siku hizi, kwamba mwenyeji akishika kalamu tatizo limekwisha, haistahimili sura hizo.

Wala hakuwa mwenyeji kwa maana rahisi. Asili yake ni Uzaramo. Uswahili wa Bagamoyo aliuingia kwa elimu ya dini na kwa maisha ya mji. Katika kitabu cha awali cha Velten, Safari za Wasuaheli cha mwaka 1901, Mtoro alitoa habari za safari yake Udoe hadi Uzigua, akiwatazama Wadoe kama mgeni anavyotazama. Alikuwa mtafiti kabla ya kuwa chanzo cha utafiti.

Majina ya vitabu hivyo viwili yanastahili kutazamwa kwa pamoja. Waswahili walipokwenda kutazama wengine, maandishi yao yaliitwa safari. Selim bin Abakari alifika Urusi na Siberia mwaka 1896 na kuandika aliyoyaona. Hiyo ni safari. Kabla yao Amur bin Nasur wa Unguja, aliyefundisha katika Seminari hiyo mapema katika miaka ya 1890, alikuwa ameandika habari za Berlin na watu wake. Hakuna aliyeziita kurasa zake "Desturi za Wajerumani". Neno desturi, lililotoka Uajemi likiwa na maana ya kanuni na utaratibu, lilitengwa kwa ajili ya watu waliotakiwa kutawaliwa kwa utaratibu wao wenyewe. Mmoja akiandika alichokiona huhesabiwa kuwa msafiri. Mwingine akiandika alichoambiwa huhesabiwa kuwa mwanasayansi.

Max Weber, katika makala yake maarufu ya mwaka 1904 juu ya uhalisia wa elimu ya jamii, alikubali jambo ambalo wafuasi wa Comte hawakutaka kulikubali: mtafiti huamua lipi linafaa kujulikana kwa kuongozwa na thamani za utamaduni wake, hata kama baadaye anatakiwa kuwa mwadilifu katika kuthibitisha. Seminari ya Berlin iliwaandaa maofisa, wafanyabiashara na wamisionari waliokuwa wakielekea Afrika Mashariki. Sheria za ndoa, mirathi na madeni zilitafutwa kwa sababu kulikuwa na mahakama za kuendesha. Weber alitoa kanuni. Mfano wake ulikuwa unachapishwa Göttingen mwaka mmoja kabla.

Mwaka huo huo wa 1903 Mtoro aliacha kazi Seminarini, kwa kuwa heshima anayopewa mwalimu hakupewa na wanafunzi wake, ambao kesho yao walikuwa watawala wa ndugu zake. Mwaka uliofuata alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 waliposafiri kurudi Afrika Mashariki, serikali ya koloni iliwazuia, na wakarejea Ujerumani. Ndoa, kama ilivyoelezwa katika Desturi, ilikuwa maarifa. Ndoa yake mwenyewe ilikuwa tatizo la usalama wa dola. Aliishi kwa kutoa mihadhara, akafundisha tena, safari hii katika Taasisi ya Kikoloni ya Hamburg kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, na akafariki Berlin mwaka 1927.

Mwaka 1908 Georg Simmel, mwalimu mwingine wa Berlin, alichapisha kurasa zake chache juu ya mgeni: si mpita njia, bali yule aliyekuja na asiondoke, aliye karibu na mbali kwa wakati mmoja, na ambaye kwa sababu hiyo huona yale ambayo wenyeji hawayaoni. Simmel alikuwa na sababu ya kulijua hilo. Akiwa mtu wa asili ya Kiyahudi, alinyimwa uprofesa kamili hadi alipokwenda Strasbourg mwaka 1914. Msomaji wa Kiswahili aishiye Muscat, London au Toronto hatahitaji kufafanuliwa sana. Lakini mgeni wa Simmel alikuwa amepewa jicho, na Mtoro alikuwa akitakiwa kutoa masikio na ulimi tu. Alipotaka kuwa na jicho, mlango ulifungwa.

Hojaji juu ya sheria za wenyeji ziliendelea kutumwa makoloni na kujazwa. Matokeo yake yalitoka katika mabuku mawili, mwaka 1929 na 1930, la kwanza likiwa la Afrika Mashariki. Kufikia hapo Ujerumani haikuwa na koloni hata moja.

Ardhi ya Mtoro iliulizwa upya. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyechapisha mwaka 1970 utafiti wake juu ya mizimu, miiko na matambiko ya Wazaramo, alitoka katika kazi hiyo na mashaka ambayo hakuyaficha: kwamba kujua juu ya watu bila wao kushiriki katika kuamua kinachotafutwa ni kujua nusu. Kuanzia mwaka 1975, kwa ushirikiano wa wizara ya utamaduni ya Tanzania na Akademia ya Ufini, mradi wa Jipemoyo ulifanya kazi na wakulima na wafugaji wa magharibi ya Wilaya ya Bagamoyo. Wanavijiji waliingia katika kuunda swali lenyewe, wakabishana na watafiti na wao kwa wao. Utafiti shirikishi, ambao leo hufundishwa kama zao la vyuo vya mbali, sehemu ya mizizi yake iko huko na katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Dar es Salaam. Neno hilo limechakaa tangu hapo. Siku hizi huingia katika kila andiko la mradi, hata pale ushiriki ulipoishia kwenye soda na karatasi ya mahudhurio. Hilo ni kosa la waliolirithi.

Mwaka 1981 chapa ya Chuo Kikuu cha California ilitoa tafsiri ya Kiingereza ya Desturi iliyofanywa na J. W. T. Allen. Jina la Velten liliondoka katika kichwa cha kitabu, na kazi ikatajwa kuwa ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na Waswahili wengine. Mwaka 2009 nyumba ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikachapisha kitabu cha Ludger Wimmelbücker kinachofuatilia maisha yake, na humo anaitwa mhadhiri na mwandishi. Ilichukua miaka sabini na minane mtoa taarifa kufika kwenye jalada, na mingine ishirini na minane kuitwa mhadhiri. Wale Waswahili wengine bado wamebaki "wengine".