Uvimbe wa ncha ya mzizi wa jino

Uvimbe wa ncha ya mzizi wa jino ni mwitikio wa kinga ya mwili dhidi ya bakteria waliovamia kiini cha jino, aghalabu kupitia tundu la kuoza au ufa. Mwaka 1965, watafiti Kakehashi, Stanley na Fitzgerald walitoboa meno ya panya hadi kwenye kiini: kwa waliokuzwa bila vijidudu, kiini kilijifunika kwa dentini mpya; lakini kwa panya wa kawaida, kilikufa na kutunga usaha. Kwa hiyo chanzo ni bakteria, si jeraha lenyewe. Wapo wanaodai antibiotiki zinatosha kwa kuwa maumivu hutulia. Kutulia si kupona: kiini kilichokufa hakina damu ya kufikisha dawa. Mfereji wa mzizi ukisafishwa na kuzibwa, au jino liking'olewa, mfupa uliolika kuzunguka ncha ya mzizi hujijenga upya taratibu, kwa miezi au hata miaka.